Rangi Iliyoachwa Njiani Kutoka Kaze

Mwanzoni mwa Oktoba jua la Tabora husimama wima utosini. Mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua bado haijaanza, na kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana mtu anayevuka barabara katika kata ya Cheyo hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Hakuna saa mbaya zaidi ya kumchora mtu juani. Macho yanazama, pua inatupa kivuli juu ya mdomo, na paji la uso linang'aa mpaka rangi yake haijulikani. Lakini mtu huyohuyo akisogea hatua chache chini ya mwembe, uso wake unageuka darasa zima la rangi.

Chini ya mwembe jua halimfikii tena. Kinachomwangazia ni anga, nayo ni ya samawati. Kwa hiyo mng'ao unaokaa juu ya shavu, pajini na kwenye mwamba wa pua si mweupe. Una ubuluu, na mara nyingine unaelekea zambarau. Kutoka chini, udongo wenye wekundu unarudisha mwanga wake na kuupaka chini ya kidevu na pembeni mwa taya. Katikati ya hizo mbili, pale shavu linapoanza kugeukia kivulini, ngozi inajionyesha yenyewe: hudhurungi, kutu, hata nyekundu iliyoiva. Wachoraji huziita rangi za anga baridi na zile za udongo joto. Ngozi nyeusi huonyesha mvutano huo waziwazi kuliko ngozi nyeupe, kwa kuwa mng'ao wake hutoka juu ya ngozi kuliko ndani yake, na hivyo huchukua rangi ya kile kinachoumulika. Anayechora uso wa Mnyamwezi kwa rangi nyeusi na nyeupe tupu hajauona.

Chombo kinachofaa sana kwa kazi hiyo ni pasteli, yaani chaki zilizotengenezwa kwa unga wa rangi, chokaa laini na gundi kidogo ya kuushika unga usimwagike. Haina maji wala mafuta, kwa hiyo haina cha kukauka: rangi iliyowekwa asubuhi ndiyo itakayoonekana jioni. Mchoraji huchagua karatasi ambayo tayari ina rangi, tuseme ya kahawia, ili isimame badala ya rangi ya kati ya ngozi. Juu yake hupitisha hudhurungi, kisha buluu nyepesi kwa ubavu wa chaki bila kuisugua, ili punje za rangi ya kwanza zionekane katikati ya punje za rangi ya pili. Jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya. Akisugua kwa kidole, joto na baridi huingiliana zikawa tope la kijivu, na hapo uso umekufa.

Wanafizikia, ikumbukwe, huhesabu kinyume. Mwanga wa mshumaa, ambao mchoraji huuita joto, hupimwa karibu kelvini 1,900. Jua la mchana huwa kama 5,500. Kivuli chenye anga ya buluu huvuka 8,000. Mhunzi yeyote angekubaliana na wanafizikia, kwa sababu chuma chekundu ndicho kilichoanza tu kushika moto, na kile kinachokaribia weupe ndicho kilichoiva. Mchoraji hajali. Kwake joto ni kitu cha jicho.

Tangu katikati ya karne ya 19 sura za watu waliopita Tabora zimechorwa, zikachongwa kwenye vibao, zikapigwa picha na kuchapwa vitabuni kuliko za miji mingi ya bara. Ukizipanga kwa miaka, unaona jambo moja likijirudia: uso unatoka Unyamwezi ukiwa na joto na baridi yake, na unafika Ulaya ukiwa mweusi.

Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Kaze ndiyo iliyokuwa kitovu cha wafanyabiashara wa pwani katika Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Hapo njia kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, ambaye Burton alimsifu sana kwa ukarimu na maarifa. Kitabu cha Burton kilichotoka London mwaka 1860 kina vielelezo 12 vya rangi vilivyochapwa kwa vibao vya mti, na vingine 22 vya wino mweusi mtupu. Picha ya Snay bin Amir iliyoingia humo ni ya nyumba yake.

Ugawaji wa rangi katika kitabu hicho unasema mengi. Rangi zilikwenda kwa mandhari na kwa makundi: milima ya Usagara, mwonekano wa Unyamwezi, msafara mzima ukiwa njiani. Vichwa vya mtu mmoja mmoja vilipewa wino mweusi. Yumo kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara, yumo mganga, yumo mpagazi, yumo Mwinyi Kidogo aliyewaongoza walinzi. Hata majina ya vielelezo yanaonyesha jinsi kurasa zilivyopangwa. Kimoja kinaonyesha mitindo ya vichwa ya Wanyamwezi. Kingine ni vichwa vya Waafrika pamoja na mtumbwi wa kuvushia, vyote kwenye ukurasa mmoja. Cha tatu kinamwita Mabruki mtu mwenye kichwa cha fahali, na papo hapo kinaonyesha namna Mwafrika anavyosimama. Huyo Mabruki ni yule aliyekuja kutembea pia na Speke na msafiri Stanley, akaijua njia ya bara kuliko mabwana zake wote.

Mpangilio wa picha huanza na swali la nani anakaa katikati na nini kinamzunguka. Kichwa kisicho na mabega, kisicho na ardhi chini wala ukuta nyuma, kilichowekwa pembeni mwa kichwa kingine na mtumbwi, ni sampuli. Hakuna uhodari wa mkono unaoweza kukifanya kiwe mtu.

Ajabu ni kwamba watu hao waliochapwa kwa rangi moja walikuwa wajuzi wakubwa wa rangi. Biashara yote ya njia ile ilisimama juu ya rangi za nguo na shanga. Merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi, ilitoka viwanda vya Massachusetts na kushushwa Zanzibar na meli za Salem. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili, buluu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Shanga zilikuwa na majina yake, bei zake na mipaka yake. Stanley, aliyefunga mizigo yake Bagamoyo mwaka 1871, alijifunza mapema kwamba shanga nyeusi zilipokelewa kama fedha Ugogo lakini mahali pengine hazikuwa na thamani, na kwamba zile kubwa ziitwazo sungomaji zilitakiwa Ujiji lakini zingekataliwa kwingine. Ushanga mwekundu, samesame, ulipendwa sehemu nyingi. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika alikokwenda na magunia yasiyomnunulia hata kuku.

Fikiria sasa mpagazi wa Kinyamwezi aliyevaa merikani begani, kaniki kiunoni na samesame shingoni. Kitambaa cheupe kilicho karibu na shingo kinarudisha mwanga juu na kuufungua ule upande wa taya uliokuwa gizani. Ushanga mwekundu unatia joto mahali ambapo kidevu kinatupa kivuli. Kaniki iliyo chini haitoi chochote. Inanyonya mwanga na kuliacha jicho lipande lenyewe kuelekea usoni. Hakuna mwalimu wa sanaa aliyewapangia. Mchoraji wa pasteli aliyejaliwa mtu kama huyo angehitaji chaki saba au nane tu, na kazi kubwa ya mpangilio ingekuwa imekwisha kufanywa na mwenye uso.

Aliyekaribia kuifanya kazi hiyo alikuwa James Augustus Grant, Mskoti aliyekuwa afisa katika jeshi la India. Mwaka 1860 alikuja Zanzibar pamoja na Speke katika safari ya pili, akiwa na kamera. Picha alizopiga kisiwani mwaka huo, za jozi kwa ajili ya kutazamwa kwa kioo maalumu, ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa Zanzibar. Lakini upigaji picha wa wakati ule ulikuwa adhabu. Kioo kilipakwa dawa, kikatumbukizwa katika maji ya fedha, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, na kazi ya kukiandaa na kukisafisha ilifanywa gizani ndani ya hema, kwenye joto la pwani. Speke aliona kazi hiyo itamwumiza mwenzake, akavirudisha vyombo. Grant akashika rangi za maji. Speke mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba sehemu kubwa ya vielelezo vilivyomo ilitokana na michoro hiyo ya Grant.

Kurudishwa kwa kamera kulikuwa bahati kwa Tabora. Waliwasili Kaze mwishoni mwa Januari 1861, wakaikuta nchi vitani: mtemi Mnywasele alikuwa ameondolewa kitini na Waarabu wa Kaze, na Mkisiwa kuwekwa mahali pake. Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo. Wapagazi hawakupatikana na safari ikakwama, hivyo Grant akabaki Unyamwezi miezi mingi ya mwaka huo, mara mgonjwa, mara akikusanya mimea, mara akichora. Mtu aliyekwama ana muda wa kutazama. Rangi ya maji, kama pasteli, inamlazimisha mchoraji aamue kila mahali: hapa joto, hapa baridi. Hawezi kukimbilia wino.

Wino ulimngojea London. Michoro ya Grant ilikabidhiwa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akichorea vitabu vya wasafiri. Akiwa mezani kwake aliichora upya juu ya vibao ili wachongaji wavichonge. Vibao hivyo vilikuwa vya mti mgumu uliokatwa kwa upande wa kichwa cha gogo, na kwa kuwa mti huo ni mwembamba, picha kubwa iliunganishwa kwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa misumari ya kukazwa. Fundi mmoja aliweza kuchonga anga huku mwingine akichonga miguu. Mahali palipochongwa palibaki peupe na mahali palipoachwa pakashika wino. Kuonyesha ngozi nyeusi, fundi aliweka mistari karibu karibu, kisha akaipitisha mingine juu yake. Kivuli chini ya kidevu na rangi ya shavu lenyewe vikaandikwa kwa alama zilezile. Wekundu wa udongo na ubuluu wa anga vikaingia kwenye wavu mmoja wa mistari na havikutoka.

Hakuna sababu ya kumlaumu Zwecker sana. Alifanya kazi aliyolipwa. Lakini wasomaji wa Ulaya waliojifunza kuijua sura ya Mnyamwezi walijifunza kutoka kwake, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba picha ya kwanza ilikuwa na rangi.

Wengi hudhani kamera ilipokuja kuenea mambo yalinyooka. Yalizidi kupinda. Dawa ya fedha iliyotumika miaka ya 1860 na 1870 iliweza kuona buluu na zambarau, ila nyekundu haikuiona kabisa. Anga ya samawati ilitoka nyeupe kama karatasi. Kitu chochote chenye joto, kutu, hudhurungi, udongo wa mfinyanzi, kilitoka cheusi kuliko kilivyo. Kwa mpagazi wetu wa Kinyamwezi matokeo ni haya: kaniki yake, iliyokuwa giza, inapata weupe, samesame zake nyekundu zinageuka nyeusi, na ngozi yake, ambayo uzuri wake wote uko kwenye joto, inazamishwa gizani kuliko jicho lolote lilivyoiona. Kamera ilikuwa na upofu wa joto. Sahani za kioo zilizoweza kuona rangi zote zilianza kuuzwa karne ya 20 ikiwa imekwisha kuingia.

Mfano mmoja unagusa Tabora moja kwa moja. Stanley alifika Juni 1871 akakaa Kwihara, nje kidogo ya mji, katika tembe alilopewa na Waarabu. Huko mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto aliyeitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina hilo, na palepale Kwihara mtoto akapewa jingine, Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto huyo alikuwa London, amesimama ndani ya studio ya London Stereoscopic Company pamoja na bwana wake, bunduki mkononi na mandhari ya kuchorwa nyuma yao. Picha hizo ziliuzwa kama kadi.

Zitazame kwa macho ya mchoraji. Mwanga ni wa dirisha la paa la studio ya Kiingereza, baridi kutoka upande mmoja. Chini hakuna udongo, kwa hiyo hakuna mwanga mwekundu unaorudi kutoka chini; kidevu na shingo vya mtoto vimekosa kile ambacho mwembe wowote wa Tabora ungempa bure. Dawa haioni nyekundu. Na mpangilio umekwisha kuamuliwa: mtu mzima ndiye habari, mtoto ni ushahidi kwamba habari ni ya kweli. Kalulu alirudi Afrika na Stanley katika safari ya 1874, akazama katika maporomoko ya mto Kongo Machi 1877. Picha zake za studio ndizo zinazochapwa vitabuni hadi leo kila anapotajwa.

Ulaya ilikuwa na pasteli muda huo wote. Rosalba Carriera wa Venice aliipeleka Paris mwaka 1720 na mji mzima ukataka kuchorwa. Maurice Quentin de La Tour akaifanya kuwa chombo cha ikulu ya mfalme wa Ufaransa. Lakini masanduku ya chaki yaliyotengenezwa kwa ajili yao yalijaa waridi, maziwa na kijivu cha lulu, kwa kuwa nyuso zilizolipa zilikuwa nyeupe na tena zimepakwa poda. Ngozi nyeusi ilipoingia katika picha hizo, mara nyingi ilikuwa ya mtumishi aliyewekwa pembeni ili weupe wa bibi uonekane zaidi. Hayo nayo ni matumizi ya joto na baridi, tena ya ustadi mkubwa, na yanachefua.

Chaki zilifika Afrika ya kati kwa kishindo mwaka 1924, na zilikuja kwa gari. Kampuni ya Citroën ilituma magari manane yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma, yavuke bara kutoka Colomb-Béchar katika Algeria. Yaliondoka tarehe 28 Oktoba 1924 chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt. Miongoni mwa abiria alikuwa Alexandre Iacovleff, mchoraji wa Kirusi aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1887 na aliyekuwa akiishi Paris. Huko kwao yeye na rafiki yake Vasily Shukhaev walikuwa wameinoa sana sanaa ya kuchora nyuso kwa chaki nyekundu ya udongo pamoja na makaa. Walipofika Kampala mwaka 1925 magari yaligawanyika makundi manne. Moja lilielekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji na moja Cape Town, kwa lengo la kukutana tena Madagascar.

Chombo cha Iacovleff ndicho kinachobadilisha hadithi. Chaki nyekundu ni udongo wenye kutu, ndugu wa udongo uleule unaorudisha mwanga chini ya kidevu. Anayeanza uso kwa chaki hiyo ameanza na joto. Makaa anayoyaongeza baadaye yanakuja kuwa baridi juu yake, na pasteli hujaza kilichobaki. Ni kinyume kabisa cha kibao cha Zwecker, ambacho kilianza na weusi na hakikuwa na kitu kingine cha kuongeza. Nyuso alizochora miongoni mwa Wamangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo, zinajaza karatasi. Mabega yapo, shingo ipo, macho yanamtazama mchoraji, na nyuma mara nyingi ameacha karatasi tupu. Kila mmoja amekaa kwenye karatasi yake peke yake, bila mtumbwi.

Tusiende mbali mno katika kumsifu. Safari ile ilikuwa tangazo la magari na la himaya, na watu wengi wa Iacovleff walipewa jina la kabila pale ambapo duchess wa Paris angepewa jina lake na la mumewe. Kazi hizo zilionyeshwa Paris mwaka 1926 katika jumba la Charpentier, na mwaka uliofuata zikatoka katika albamu yenye kurasa 50 za picha, ghali, kwa wenye nazo. Hata hivyo zilichapwa kwa rangi. Aliyezifungua aliona kwamba shavu la mtu mweusi lina buluu.

Kamera za rangi zilipofika zilirudia kosa la zamani kwa njia mpya. Mafundi wa Kodak walipima filamu na uchapaji wao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na rangi ikikaa sawa usoni mwake ilihesabiwa imekaa sawa kwa wote. Katika picha ya darasa lenye watoto mchanganyiko, weusi walibaki meno na macho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwelekezaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipokuwa akifanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu za kampuni hiyo kwa sababu hiyo. Malalamiko yaliyosikika haraka zaidi, kwa aibu ya wote, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao waliotaka kahawia zao zionekane vizuri kwenye matangazo.

Studio za Afrika Mashariki hazikungoja. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930, na studio za aina hiyo zikaenea mijini, pwani na bara. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini ilikuwa kawaida kwa fundi kuzirudia kwa brashi ndogo: wekundu kidogo midomoni, rangi kwenye khanga, dhahabu kwenye kipini. Mteja aliyelipia rangi alijua anachokitaka. Kazi zenyewe zilikuwa na udhaifu, kwa kuwa fundi alipaka joto juu ya uso ambao kamera ilikuwa imekwisha kuutia giza, na mara nyingi shavu likatoka na rangi ya chungwa. Lakini jicho lake lilikuwa limeelekea penye ukweli.

Siku hizi Watanzania wanajichora wenyewe, na maamuzi wanayofanya ni ya ujasiri. Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954 na kuhamia Ulaya, alijichora mwaka 1982 akiwa Åkersberga, Sweden. Mwaka 2022 jumba la picha za sura la taifa mjini London lilinunua kazi hiyo, nayo ikawa ya kwanza kuingia humo kati ya picha za rangi ambazo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe. Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 na kuacha kazi ya benki ili achore, amekwenda njia nyingine. Huwachora wanawake kwa kahawia zilizokolea, akiacha turubai nyeupe tupu kuwazunguka. Nguo nazo mara nyingi ni nyeupe, kiasi kwamba vazi na ukuta vinaungana na kilichobaki ni uso, mikono na miguu vikielea. Weupe ule ni baridi na kahawia ni joto, kwa hiyo ngozi inasogea mbele kumfuata mtazamaji. Anatumia akriliki, lakini mwanafunzi wa pasteli angejifunza kwake jambo gumu kuliko yote, nalo ni kujua pa kuacha.

Pasteli yenyewe bado haijapata wengi hapa kwetu, na sababu zake ni za kawaida. Chaki nzuri huagizwa nje kwa bei kubwa, na vumbi lake huhitaji kioo mbele ya picha, kioo kisichogusa karatasi. Dawa ya kuigandisha ikipulizwa kupita kiasi hutia giza rangi zote, na rangi nyepesi zilizowekwa mwisho, zile buluu za juu ya shavu, ndizo za kwanza kupotea. Anayeanza Tabora angefanya vyema kukaa ndani ya mlango badala ya uani. Tembe la kale, lenye kuta nene za udongo na mlango mmoja, lina mwanga wa upande mmoja ambao wachoraji wa Ulaya waliujengea madirisha maalumu.

Tembe la Kwihara lipo bado. Ndimo Stanley na msafiri mwenzake Livingstone walimokaa kuanzia tarehe 18 Februari 1872 hadi Stanley alipoondoka Machi 14, na leo ni makumbusho. Rangi za maji za Grant ziko Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, pamoja na karatasi zake nyingine. Nakala nzuri za michoro hiyo zikiletwa Kwihara, mgeni aliyekuja kumtafuta Livingstone angekutana kwanza na Unyamwezi ya mwaka 1861 katika rangi zake. Zitundikwe ndani, kwenye ukuta ambao jua la Oktoba haliufikii, kwa kuwa ni rangi chache zinazolistahimili miaka mingi.